Safari Katika Theluji kwa Ajili ya Radio Bubu

Tuanze na ulizo moja. Kama mtu anakuambia: "Kuna poste ya zamani, ya mwaka 1936. Haisemi. Waya zake zimeoza, na panya walizalia ndani. Iko mbali, kilomita 300 kutoka nyumbani kwako, na njia yote ni barafu," wewe utafanya nini? Wengi wetu tutacheka. Tutasema: "Huyu ndugu anahitaji maombezi."

Lakini kule Marekani, katika miezi ya Desemba, Januari na Februari, kuna watu wazima, baba za familia, wenye akili timamu, ambao wanaamka saa kumi ya usiku, wanapangusa theluji juu ya motokari, na wanashika njia kwenda kwenye mnada wa radio za zamani. Mnada ni ile tunaita kwa Kifaransa vente aux enchères: kitu kinawekwa mbele ya watu, kila mmoja anataja bei yake, na yule anayetaja bei kubwa kupita wengine, njo anakibeba.

Kwa nini tuzungumze habari yao katika gazeti letu, sisi watu wa migodi? Kwa sababu mbili. Ya kwanza: watu wale wana desturi ya kuweka mipaka miwili mbele ya kutoka nyumbani, mpaka wa barabara na mpaka wa mfuko. Familia ngapi za kwetu zimelia kwa sababu baba alikosa moja ya mipaka hiyo? Ya pili: ndani ya zile radio mna kitu kilichotoka katika udongo wetu. Tutakifikia. Fuata pamoja nami.

RADIO ZENYEWE NI ZA NAMNA GANI?

Tarehe 2 Novemba 1920, kituo KDKA cha mji Pittsburgh kilitangaza hewani matokeo ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Wachache tu walikuwa na chombo cha kusikilizia. Lakini katika miaka michache iliyofuata, radio iliingia nyumba kwa nyumba, na viwanda vilianza kushindana kuifanya nzuri kwa sikio na kwa macho.

Kiwanda Philco kilitengeneza radio za mbao zenye kichwa cha mviringo kama dirisha la kanisa kubwa. Hata leo watu wanaziita "kathedrali", na moja inayojulikana sana ni namba 90 ya mwaka 1931. Zenith walitoa mwaka 1935 radio kubwa yenye jina Stratosphere, ndefu karibu kifua cha mtu, yenye lampe 25 ndani. Bei yake ilikuwa dola 750, wakati ule ambapo motokari mpya ndogo ya Ford ilikuwa chini ya bei hiyo. Lampe za radio ni zile chupa ndogo za kioo ambazo zinawaka rangi ya chungwa na kupasha sanduku joto. Wazee wetu wanazikumbuka vizuri: unafungua poste, unangoja kidogo, kisha sauti inakuja polepole kama mtu anayeamka usingizini.

Kuna tena zile za Catalin. Catalin ni plastiki ya miaka ya 1930 na 1940 yenye rangi kali, nyekundu, kijani, buluu, na mistari ndani kama jiwe la marumaru. Kiwanda FADA kilitengeneza radio ndogo ya namna hiyo ambayo watu wameipa jina la "risasi", kwa sababu upande wake mmoja umechongwa hivyo. Plastiki hii inabadilika kwa uzee. Ile iliyokuwa nyeupe inakuwa rangi ya asali. Tena inajikunja na kupasuka yenyewe. Kwa hiyo zile zilizobaki nzima ni chache, na bei yake ni kali.

Mwishoni ilikuja Regency TR-1, mwezi wa Oktoba 1954, radio ya kwanza ya transista kuuzishwa kwa watu wote. Ilikuwa na transista nne, bei yake dola 49 na senti 95, na iliingia mfukoni mwa koti. Kuanzia hapo lampe zikaanza kufa, na radio za mbao zikatupwa katika magala na vyumba vya chini ya nyumba.

Angalia jambo hili: si uzee peke yake unaoleta bei. Ile radio kubwa ya mbao ambayo ilitengenezwa kwa maelfu mengi, hata kama ina miaka 80, inaweza kukosa mnunuzi kabisa, kwa sababu inakula nafasi nyumbani na wengi wanayo. Lakini kisanduku kidogo cha plastiki, chenye rangi ya haba na kisichopasuka, kinaweza kupata mamia ya dola. Mtu asiyejua jambo hili atalipa sana kwa kitu cha bei ndogo, na atapita pembeni ya kitu cha maana bila kukiona.

THELUJI SI MCHEZO

Theluji ni neno tunalolisoma katika Biblia, lakini wengi wetu hatujaiona kwa macho. Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunajua baridi ya Juni na Julai, wakati asubuhi mikono inakataa kushika maji. Basi, chukua baridi ile, uiongeze mpaka maji ya ndoo yawe jiwe, na yabaki jiwe wiki nzima. Hapo unaanza kuelewa.

Tuchukue sehemu moja, pwani ya ziwa Erie, kati ya mji Buffalo na mji Cleveland. Huko theluji ina tabia ya pekee. Upepo baridi na mkavu unatoka upande wa Kanada, unapita juu ya maji ya ziwa ambayo bado yana joto kidogo, unakunywa unyevu wake, na ukifika ng'ambo unaumwaga chini kama theluji. Lakini hauumwagi kila pahali. Unaumwaga katika ukanda mwembamba. Unaweza kuendesha motokari chini ya jua, halafu nyuma ya dakika kumi huoni hata pua ya motokari yako. Ziwa likisha kuganda juu, ghasia hii inapungua, kwa sababu upepo haupati tena maji ya kunywa.

Mwezi wa Novemba 2014, upande wa kusini ya Buffalo, theluji ilifika zaidi ya mita moja na nusu kwa siku chache, wakati upande wa kaskazini wa mji uleule watu walipata kidogo tu. Kwenye barabara kubwa wasafiri walifungwa ndani ya motokari zao zaidi ya siku moja. Tena mwezi wa Desemba 2022, siku mbili mbele ya Noeli, dhoruba ilipiga eneo lilelile. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wengine walikufa ndani ya motokari, wengine walikutwa njiani, wengine ndani ya nyumba ambazo umeme ulikatika. Hawakuwa watu wa kijijini wasiojua theluji. Walizaliwa nayo.

MPAKA WA KWANZA: BARABARA

Sasa fikiri wewe ndiye unayetaka kwenda. Mnada utaanza saa nne ya asubuhi. Umeona katika picha ile radio uliyoitafuta miaka kumi. Moyo unaruka. Mke wako amesimama mlangoni na kukuuliza:

"Baba ya watoto, unaenda wapi na hali hii ya hewa?"

"Nitaenda polepole, mama."

"Polepole hata barafu inajua. Jana ulisema nini?"

Hili ulizo la mama ndilo la maana: jana ulisema nini? Wasafiri wenye busara wanaweka mpaka wao jana, wakati moyo bado baridi. Wanasema: "Kama idara ya hali ya hewa inatoa onyo la dhoruba, siendi. Kama barabara inafungwa, ninarudi, hata kama nimebakiza kilomita 20." Kisha asubuhi hawaanzi tena mabishano na nafsi yao. Wanatazama tu kama mpaka umefikiwa ao hapana. Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo: Marekani ina vituo vya radio vya idara ya hali ya hewa ambavyo vinasema habari za hewa mchana na usiku. Kwa hiyo mtu anasikiliza radio mpya ili ajue kama anaweza kwenda kununua radio ya zamani!

Mambo mengine wanayojua ni haya:

Daraja linaganda mbele ya barabara. Barabara ina udongo chini yake unaoshika joto kidogo, lakini daraja linapigwa na baridi juu na chini. Kwa hiyo mtu anapunguza mwendo mbele ya kufika darajani, si juu yake.

Kuna barafu isiyoonekana. Inalala juu ya lami kama kioo, na macho yanaona lami nyeusi tu. Juu ya barafu, motokari inaweza kuhitaji nafasi mara kumi ya ile ya barabara kavu ili isimame.

Chumvi inasaidia, lakini ina mwisho wake. Mashini zinamwaga chumvi barabarani ili theluji iyeyuke. Lakini baridi ikishuka chini ya digri 9 hivi chini ya sifuri, nguvu ya chumvi ya kawaida inapungua sana.

Ndani ya motokari wanaweka blanketi, koleo, mchanga, maji, chakula, taa, na esansi isiyopungua nusu ya tangi. Na kama motokari inakwama, sheria ni moja: usiiache. Wengi waliotoka ili kutafuta msaada kwa miguu walipotea mita chache tu kutoka njiani.

Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo, maana jambo linalofuata linaua hata kwetu. Mtu aliyekwama katika theluji anawasha injini ili apate joto. Theluji inaziba bomba la moshi nyuma. Moshi unarudi ndani. Katika moshi huo mna gazi isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Mtu anasikia kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu, anasikia usingizi mtamu, na hapo mwisho wake. Kwa hiyo wanafundishwa: kwanza toa theluji kwenye bomba, fungua dirisha kidogo, washa injini dakika kumi tu kwa saa moja.

Sasa, wewe mama na wewe baba wa Kolwezi ao Kipushi, gazi hiyohiyo inatoka katika mbabula yako. Usiku wa Juni, baridi inapokaza, watu wanaingiza mbabula yenye makala ndani ya chumba, wanafunga mlango, wanalala na watoto. Makala hayatoi moshi tena, na watu wanafikiri hakuna hatari. Hatari iko. Toa mbabula inje mbele ya kulala, hata kama makala yamebaki madogo. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Na kama mtu anaamka na kichwa kizito na kutapika katika chumba kama hicho, mtoe inje mara moja apate hewa safi, na umpeleke kwa munganga.

NDANI YA SALLE YA MNADA

Tuseme barabara ilikubali, na umefika. Salle ina joto, kahawa iko, viatu vyote vimelowa. Watu wanasalimiana kwa furaha, maana wengine hawajaonana tangu mwaka uliopita. Wengi wao wana mvi. Ni watu waliotengeneza radio tangu ujana, na kila mwaka viti vingine vinabaki wazi. Radio nyingi zinazouzishwa leo zinatoka katika nyumba za wazee waliokufa, na watoto wao hawakujua la kufanya na masanduku 200 katika chumba cha chini.

Unaandikisha jina, unapewa kibao chenye nambari. Kisha wanakupa saa moja ao mbili ya kutazama. Hii ndiyo saa ya kazi kubwa kupita zote. Siku hizi minada mingi inafanyika pia kwa intaneti, lakini picha haionyeshi ufa mwembamba wa Catalin, wala haitoi harufu ya transfoma iliyoungua. Ndiyo sababu watu wanaendelea kusafiri.

Mnunuzi mwenye akili anageuza radio nyuma. Anatafuta: vifungo vyote viko? Kioo cha namba kiko kizima? Mbao zimebanduka? Lampe ziko ao zimeng'olewa? Kuna fundi aliyepita na soudure mbaya? Na jambo moja hafanyi hata kidogo: haichomeki kwa umeme "ili tuone kama inasema". Ndani ya radio za lampe mna kondensateri za karatasi ambazo zinaharibika kwa miaka. Ukizipa umeme wote kwa ghafula, zinaweza kupasuka, kuunguza transfoma, hata kuwasha moto. Fundi anabadilisha kwanza vipande hivyo, kisha anapandisha umeme polepole. Tena radio nyingi ndogo za Marekani za miaka ile hazina transfoma ya kutenga umeme, na chuma chake cha ndani kinaweza kupiga mtu vibaya. Na nyingi zilifanywa kwa volti 110 ao 120. Sisi tunatumia 220. Mkumbuke hilo, ninyi vijana mnaopenda kufungua kila kitu!

MPAKA WA PILI: MFUKO

Dalali anaanza. Anasema haraka sana, kama mtu anayeimba bila kupumua: hamsini, nani atanipa sitini, sitini iko, nani sabini? Mikono inapanda. Fungu moja linaisha kwa dakika moja tu, wakati mwingine chini ya hapo.

Hapa njo barafu ya pili, ile isiyoonekana. Umesafiri kilomita 300. Umelipa esansi. Umehatarisha motokari. Moyo unakuambia: "Siwezi kurudi mikono mitupu." Na mbele yako kuna mtu mwingine ambaye anapandisha bei kila unapopandisha. Sasa si radio tena mnayoshindania. Mnashindania nani ni mwanaume. Bei inapita 200, inapita 250, na ukitoka hapo unaona haya kumwambia mke wako.

Waliozoea wanafanya hivi: wakati wa kutazama, wanaandika bei yao ya mwisho kwenye kijikaratasi, pembeni ya nambari ya fungu. Wanaiandika wakati dalali bado amenyamaza. Tena wanahesabu yote. Minada mingi inaongeza asilimia fulani juu ya bei. Kama nyongeza ni 15 kwa mia, radio uliyoipata kwa dola 200 utailipa dola 230. Ongeza kodi, ongeza esansi, ongeza lampe mbili za kubadilisha. Kama bei inapita karatasi, mkono unashuka, basi. Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anaikaa kwanza kuhesabu gharama. Hakusema ataikaa kuhesabu wakati matofali yamefika nusu ya ukuta.

Na ile kilomita 300 iliyokwisha pita? Esansi imekwisha chomwa, unune usinunue. Haiwezi kuwa sababu ya kulipa zaidi. Jambo hili ni gumu kwa kila mtu. Hata kwetu, baba amekopesha pesa kwa biashara iliyokwisha kufa, na kila mwezi anaongeza nyingine "kwa kuwa nimekwisha weka nyingi". Kijana amechimba shimo moja miezi mitatu bila kupata kitu, udongo unaanza kumeguka pembeni, naye anasema "siwezi kuacha sasa". Ndugu kijana, miezi mitatu imekwisha pita. Ulizo lililobaki ni moja: kesho asubuhi, shimo hili linafaa kushukwa?

Anayepata radio yake, ana kazi moja tena. Chombo kilichokaa katika baridi ya motokari saa tano hakiingizwi na kufunuliwa mara moja mbele ya joto. Maji yatakusanyika juu yake na ndani yake, kama kwenye chupa ya bia ya sukari iliyotoka katika frigo. Kinabaki kimefungwa ndani ya blanketi mpaka kipate joto la nyumba polepole.

SHABA NA KOBALTI NDANI YA SANDUKU

Nilikuahidi kitu cha udongo wetu. Fungua radio ya lampe. Kila bobini ni waya wa shaba. Transfoma ni shaba. Katika radio nyingi za miaka ya 1930, kipaza sauti, ile tunaita haut-parleur, hakikuwa na sumaku ya kudumu. Kilikuwa na bobini kubwa ya waya wa shaba iliyofanywa sumaku kwa nguvu ya umeme.

Kisha wataalamu walipata sumaku mpya yenye nguvu, na jina lake linasema yote: Alnico, yaani alumini, nikeli, kobalti. Namna yake inayojulikana sana ina kobalti karibu robo nzima, chuma kinachobaki, na hata shaba kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sumaku hii ilijaa katika vipaza sauti vya radio, vya sinema na vya magitaa ya umeme. Na katika miaka ile, sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Katanga.

Mwezi wa Mei 1978 vita vilifika Kolwezi. Watu wengi walikufa, na kazi ya migodi ikasimama kwa muda. Bei ya kobalti, ambayo ilikuwa imekwisha anza kupanda, iliruka juu sana. Viwanda vingi vya vipaza sauti viliacha Alnico, vikakimbilia sumaku ya feriti, ambayo haina kobalti. Ndiyo sababu leo wapenda muziki wanatafuta vipaza sauti "vya mbele ya 1978" na kuvilipa zaidi. Wengi wao hawajui kwamba ule mwaka, katika historia ya vyombo vyao, ni mwaka wa machozi kwa mji mmoja wa Afrika. Wewe wa Kolwezi unajua. Waeleze watoto wako.

SUFURIA YA BULUU YA LUSAKA

Tena kuna radio moja ya jirani zetu ambayo imepata nafasi katika makumbusho ya Uingereza. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Harry Franklin wa idara ya habari alitaka radio ambayo mtu wa mgodi na mtu wa kijiji wanaweza kununua. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme. Kiwanda Ever Ready cha Uingereza kilikubali kutengeneza radio ndogo ya lampe nne, inayotumia pile kavu, ndani ya sanduku la mviringo la alumini lililopakwa rangi ya buluu. Sanduku lilifanana na sufuria, na watu wakaipa jina hilo. Bei yake ilikuwa paundi 5, na pile iliuzishwa mbali.

Kwa sufuria ile watu walisikia kituo cha Lusaka kikisema Kibemba, Kinyanja na lugha nyingine za nchi. Mawimbi hayaombi paspoti mpakani, na Kibemba kinasikika Kasumbalesa upande huu na upande ule. Ilikuwa chombo cha bei ndogo kwa watu wa mshahara mdogo, na leo wakusanyaji wanaitafuta, kwa sababu nyingi zilitupwa wakati transista zilipofika.

NA ILE POSTE YA BABU?

Sasa tazama juu ya kabati ya mama mkubwa, ao katika depo nyuma ya nyumba. Labda kuna poste imeandikwa Philips, ao SBR ya Ubelgiji, imefunikwa na kitambaa, ao kuku wanalala juu yake. Kijana wa mitraille anapita njiani na mizani yake. Anataka waya wa shaba na chuma. Atakupa franga za kununua mkate siku moja. Akiisha kuivunja kwa nyundo, hakuna fundi wa dunia atakayeirudisha.

Mbele ya kumwita, fanya mambo matatu. Usiioshe kwa sabuni na maji mengi, na usibandue karatasi iliyo ndani ao nyuma, maana namba na mwaka viko pale. Usiichomeke kwa umeme. Na ikaa na mzee wa nyumba umwulize: nani aliinunua, mwaka gani, kwa mshahara gani, na habari gani kubwa mlisikia kupitia kwake? Andika majibu katika kaye ya mtoto, tarehe na majina. Hata kule katika salle za mnada, radio yenye historia iliyoandikwa inapata heshima kupita ile isiyo na jina. Lakini hata kama hakuna mtu atakayeinunua, kaye ile itabaki kwa familia yenu, na mzee haikai milele.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani ana ruhusa ya kusema "usisafiri leo", na je, tunamsikiliza?

2. Ni jambo gani tunaendelea kulilipia kwa sababu tu tumekwisha lilipia sana?

3. Mbabula yetu inalala wapi usiku wa baridi?

4. Nani katika jamaa yetu anakumbuka siku poste ya kwanza iliingia nyumbani? Tutamtembelea siku gani?